Haidreti kwenye bomba la baharini: nani atakagua tahadhari tutakayoilipia?

Wiki kadhaa zilizopita nilikaa katika ukumbi mmoja jijini Arusha, nikamtazama kijana wa chuo akionyesha programu ya akili mnemba aliyoiunda mwenyewe. Projekta ilitupa ukutani mstari wa buluu uliopinda kwenda juu, na vitone vyekundu vimeung'ang'ania kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari ule unaonyesha ni kwa joto gani na presha gani gesi asilia ikikutana na maji inageuka kuwa haidreti, ile barafu inayoziba mabomba ya chini ya bahari. Kijana akasema programu yake inatabiri kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, bomba la Lindi likija halitaziba?" Kijana alisita kidogo, kisha akajibu, "Tutajua kabla halijaziba, mzee." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga, maana kazi ilikuwa nzuri na kijana alistahili. Lakini jibu lile halikuwa sahihi, na kosa lililomo ndani yake nimekuwa nikilisikia kila mara mjadala wa mradi wa LNG, ule wa kugeuza gesi ya bahari kuu kuwa kimiminika pale Lindi, unapogusa teknolojia: kwamba kompyuta imeshamaliza suala la haidreti, kilichobaki ni kusaini na kuchimba.

Hoja yangu ni kwamba tunashangilia sehemu rahisi. Mstari ule wa buluu unaeleza mahali ambapo haidreti zinaweza kutokea. Hausemi zitatokea lini, wala hausemi ni wapi katika bomba la kilomita 100 na zaidi zitarundikana hadi kuwa kizibo. Kati ya kujua kwamba jambo linaweza kutokea na kujua litatokea lini kuna pengo, na wahandisi wa dunia nzima hulijaza pengo hilo kwa tahadhari: nyuzi kadhaa za ziada kwenye hesabu, na hivyo tani za ziada za dawa ya kuzuia haidreti ndani ya bomba. Tahadhari hiyo ina bei, na kwa mikataba ya aina yetu, bei hiyo inakatwa kwenye gesi kabla Watanzania hawajapata mgawo wao. Kwa hiyo ninachotaka kujua ni kama tutakuwa na watu wetu wa kukaa mezani na kusema kwa ushahidi kwamba tahadhari hii inatosha, hii imezidi, na hii imepungua kiasi cha kuhatarisha maisha ya watu.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu wengi husikia "barafu" na kufikiria maji yaliyoganda. Haidreti ni maji yaliyojipanga kama vyumba vidogo, na ndani ya kila chumba amefungiwa mgeni: molekuli ya methani, ethani, propani, au hata hewa ya ukaa. Katika mpangilio mmojawapo ulio wa kawaida, molekuli 46 za maji hujenga vyumba 8, vidogo 2 na vikubwa 6. Bila mgeni ndani, nyumba hiyo haisimami. Kwa macho inafanana na theluji iliyolowa, na ukiiwashia kiberiti inawaka, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya haidreti hubeba takriban mita za ujazo 160 za gesi. Jambo la kushika ni kwamba haihitaji nyuzi 0 ili igande. Methani tupu ikiwa na maji, kwenye nyuzi 4 inatosha presha ya baa 40 hivi ili haidreti zianze kuwezekana. Kwenye baa 200 zinawezekana hata kwa nyuzi 18. Tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na ushee, kwa hiyo msomaji apime mwenyewe tunaongelea presha ya namna gani.

Ndiyo maana nashindwa kuwaelewa wanaosema hili ni tatizo la Wanorwei na Warusi, kwamba sisi tuko nchi ya joto. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inashangaza zaidi inapotoka kwa mtu anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtu wa Moshi akifungua dirisha asubuhi isiyo na mawingu anaona barafu iliyokaa nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, wakati yeye mwenyewe yuko kwenye jua la kukausha mahindi. Anajua kuwa baridi haifuati jina la nchi. Inafuata kimo: kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa nyuzi 6 hivi. Bahari nayo ina mteremko wake, ila wenyewe unaelekea chini. Maji ya juu pwani ya Lindi na Mtwara ni ya nyuzi 26 hadi 29, mtoto anaoga bila kutetemeka. Shuka mita 1,000, uko chini ya nyuzi 10. Shuka hadi kina cha takriban mita 2,500, ambako kisima cha kwanza cha Zafarani, gesi ya Kitalu namba 2 chetu, kilichimbwa mwaka 2012, utakuta nyuzi 2 au 3, mchana na usiku, masika na kiangazi. Bomba lililolazwa pale ni kama limelazwa ndani ya jokofu, na presha ya gesi iliyomo ni mara kadhaa ya ile inayohitajika ili haidreti zitokee.

Kuna anayeuliza kwa haki kabisa: mbona tuna mabomba ya baharini tayari na hatujasikia shida hii? Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na imekuwa ikija Dar es Salaam tangu 2004, na sehemu ya safari yake inapita chini ya maji kutoka kisiwani hadi bara. Bomba kubwa la Mtwara limezinduliwa mwaka 2015. Ni kweli, ila mabomba hayo yanalindwa na mambo mawili ambayo kule kwenye kina kirefu hayapo. Kwanza, bahari kati ya Songo Songo na Somanga ni ya kina kifupi na ina joto. Pili, na hili ndilo la maana zaidi, gesi hukaushwa kwanza kwenye mtambo, maji yakaondolewa, ndipo ikaingizwa bombani. Pasipo na maji hapana haidreti, hata iwe baridi kiasi gani. Kwenye vitalu vya bahari kuu hakuna kisiwa cha kujenga mtambo wa kukaushia juu yake. Kama gesi italetwa moja kwa moja hadi Likong'o, mahali palipotengwa kwa mtambo wa LNG huko Lindi, itasafiri na maji yake, kwenye baridi, umbali wote huo. Uzoefu wetu wa miaka 20 na zaidi ni wa kujivunia, lakini katika jambo hili hautufundishi chochote, na ni vizuri kulikubali hilo mapema.

Sasa turudi kwenye mstari wa buluu. Mwaka 1934 Hammerschmidt, mkemia wa Marekani, alionyesha kwamba vizibo vilivyokuwa vikisumbua mabomba ya gesi wakati wa baridi, ambavyo watu walivihesabu kuwa barafu ya kawaida, vilikuwa haidreti, na vilitokea hata pale joto la bomba lilipokuwa juu ya nyuzi 0. Alitoa pia kanuni fupi ya kukadiria dawa inayohitajika, na kanuni hiyo bado inafundishwa. Katika miaka ya 1940 Katz akachora chati ambayo mtu alihitaji kujua uzito wa gesi ukilinganishwa na hewa tu, akaweka rula na kusoma jibu. Mwaka 1959 van der Waals na Platteeuw wakaweka msingi wa nadharia yenyewe, ule wa kuhesabu vyumba na wageni. (Huyu si yule van der Waals aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1910. Ni mwingine mwenye jina hilo, na wanafunzi huwachanganya kila mwaka.) Tangu miaka ya 1970 kompyuta zimekuwa zikifanya hesabu hizo, na kwa gesi ambayo karibu yote ni methani, makosa yake ni ya nyuzi 1 hivi au chini ya hapo. Gesi yetu ni ya namna hiyo hasa: ile ya Songo Songo ina methani takriban asilimia 97. Maana yake ni kwamba swali ambalo programu ya kijana wetu ilijibu kwa asilimia 99 ndilo swali ambalo kwa gesi kama yetu lilikwisha kujibiwa kabla yeye na mimi hatujazaliwa.

Nisieleweke vibaya hapa. Hesabu za aina hii za akili mnemba zina thamani, na miaka ya karibuni zimechapishwa nyingi sana. Zinafanya kwa kufumba na kufumbua kile ambacho hesabu ndefu huchukua muda kukifanya, na hilo ni muhimu pale unapotaka kurudia hesabu kila sekunde kwa kila mita ya bomba. Ila zina udhaifu ambao ukumbini haukutajwa. Nyingi hufunzwa kwa vipimo vilevile vya maabara vilivyochapishwa miaka iliyopita, kisha vipimo hivyo hugawanywa kwa kubahatisha, fungu moja la kufundishia na jingine la kupimia. Gesi moja inaweza kuwa na vipimo 15 vya presha tofauti, 12 vikaangukia upande wa kufundishia na 3 upande wa mtihani. Programu ikipata 3 hizo zote, imefanya kazi ya mwanafunzi aliyepewa mtihani wenye maswali ya zoezi la jana. Kipimo cha haki ni kuificha gesi nzima, programu isiione kabisa, kisha kuiuliza. Aidha, asilimia 99 inayopigwa kwenye data inayoanzia nyuzi 0 hadi nyuzi 30 inaweza kubeba ndani yake kosa la nyuzi 2 au 3 mahali fulani bila kuonekana. Hapa chini nitaonyesha nyuzi 2 au 3 zinagharimu nini.

Kizibo ni habari nyingine kabisa. Niliwahi kuona jaribio ambalo lilinifundisha zaidi ya vitabu. Kuna kimiminika kinachoitwa tetrahaidrofurani, kinachowaka na kinachohitaji uangalifu, ambacho ukikichanganya na maji kwa kiasi cha asilimia 19 ya uzito kinatengeneza haidreti kwa nyuzi 4.4 kwenye presha ya kawaida tu ya hewa. Huhitaji chombo cha chuma wala mtungi wa methani. Unajaza mirija 40 mchanganyiko uleule, kutoka chupa ileile, unaiweka kwenye friji moja iliyotulia kwenye nyuzi 0, na unakaa na saa yako. Kwa mujibu wa mstari wa buluu yote 40 inatakiwa kuganda. Lakini mmoja utageuka mweupe baada ya dakika chache, mwingine baada ya saa moja, mingine itaamka kesho yake bado ni maji maangavu kama ulivyoiacha. Hakuna aliyekosea. Ili haidreti ianze lazima chembe ya kwanza ijipange, na kujipanga huko kuna bahati ndani yake. Yayeyushe tena kwa kuipasha kidogo tu, uyarudishe kwenye friji, na mara nyingi yataganda upesi zaidi kuliko mara ya kwanza, kama vile maji yamekumbuka njia. Mtu aliyeona mirija ile hawezi kuahidi mbele za watu kwamba atajua siku na saa.

Bomba nalo lina ugumu wake juu ya huo. Likiwa linatiririka vizuri, gesi iliyotoka ardhini ikiwa ya moto hubeba joto lake umbali fulani. Hatari kubwa huja wakati wa mabadiliko: bomba linapozimwa ghafla, linapowashwa upya baada ya kupoa, mtambo wa dawa unapokatika kwa saa chache, kisima kinapoanza kutoa maji mengi kuliko yaliyokadiriwa. Maji hutulia kwenye mabonde, maana sakafu ya bahari haijasawazishwa kama barabara ya lami. Gesi ikianza kupita tena inayavuruga maji hayo, na hapo ndipo theluji inapotokea na kujikusanya. Vali nazo zina lake. Muuza chipsi jirani yangu Moshi hunionyesha bila kukusudia jinsi gesi inavyoweza kujipoza: siku ya wateja wengi mtungi wake mdogo hutoka jasho, kisha sehemu ya chini inaota ukungu mweupe, naye huumwagia maji ya uvuguvugu ili moto usife. Kwake ni kimiminika kinachonyonya joto kikigeuka gesi. Kwenye vali ya kisima ni gesi yenyewe inayopoa ikipanuka, takriban nyuzi 4 kwa kila baa 10 inazopoteza kwenye presha za kawaida za bomba. Njia ni mbili tofauti lakini zote zinafika kwenye baridi, na kwenye vali baridi hiyo inakuja kwa sekunde.

Na gharama ya kukosea si ya kusimulia tu. Kizibo kikiziba bomba huku presha ya upande mmoja ikiwa juu na ya upande wa pili imeachiwa, kinaweza kung'oka na kwenda kama risasi ndani ya chuma. Watu wameuawa namna hiyo, ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kuyeyusha kizibo ni kushusha presha pande zote mbili, polepole, na kazi hiyo inaweza kuchukua wiki. Mwaka 2010, baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka kwenye Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili na kuua watu 11, wahandisi walishusha kuba kubwa la chuma kwenye kina cha takriban mita 1,500 ili kunasa mafuta yaliyokuwa yakivuja. Walilitarajia tatizo la haidreti. Mstari walikuwa nao, kompyuta walikuwa nazo, na waliandaa hata maji ya uvuguvugu ya kuzungusha kwenye bomba la kupandishia. Haidreti zikajaa ndani ya kuba lenyewe, zikaziba tundu la juu na kulifanya kuba lielee, na ikabidi liwekwe kando.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu ni ya wale wanaosema: sawa, ni jambo gumu, basi tuwaachie wanaolijua. Wanorwei wamelaza bomba la Snøhvit la kilomita 143 kutoka sakafuni mwa bahari hadi Hammerfest, na la Ormen Lange la kilomita 120 hivi kupita maji ya chini ya nyuzi 0, na yote mawili yameanza kazi mwaka 2007. Wanapeleka glaikoli, dawa ya kuzuia haidreti, hadi visimani kwa bomba jembamba, inarudi na maji pamoja na gesi, wanaichemsha kuondoa maji, wanaitumia tena. Kampuni ya Norwei ndiyo inayoendesha Kitalu namba 2 chetu. Kwa nini tujisumbue? Nakubali nusu ya hoja hii. Kusanifu na kuendesha bomba hilo wataliweza kuliko sisi, na ningekuwa waziri nisingewaondoa kwenye usukani. Nusu ya pili ndiyo ninayoikataa. Anayeendesha ana kila sababu ya kuongeza tahadhari, kwa kuwa kizibo kikitokea jina lake ndilo litakaloandikwa. Na katika mikataba yetu ya kugawana uzalishaji, mwekezaji hurejesha kwanza gharama zake kutoka kwenye gesi inayopatikana, hadi kikomo kilichokubaliwa, ndipo kinachobaki kigawanywe. Simtuhumu mtu kwa wizi. Nasema tu kwamba anayeamua tahadhari na anayeilipia ni watu wawili tofauti.

Tuhesabu pamoja, kwa kanuni ileile ya mwaka 1934. Ni ya makadirio, na kwa dawa nyingi kiasi hiki wahandisi hutumia kanuni bora zaidi, lakini ukubwa wa jambo inauonyesha vizuri. Kwa glaikoli, ambayo ni dawa ileile iliyomo kwenye kulanti ya rejeta ya gari, kanuni inasema kila kilo 1 ya dawa kwa kilo 1 ya maji inashusha joto la kuganda kwa takriban nyuzi 21. Bomba lina baa 200, haidreti zinawezekana kuanzia nyuzi 18.5, bahari ina nyuzi 3. Tunahitaji kushusha nyuzi 15.5, yaani kilo 74 za glaikoli kwa kila kilo 100 za maji. Hapo hakuna tahadhari yoyote. Mhandisi akisema aongeze nyuzi 3 kwa ajili ya usalama, inakuwa kilo 88. Akisema nyuzi 5, ni kilo 98. Nyuzi 5 za wasiwasi zimeongeza dawa kwa karibu theluthi nzima. Na dawa si madumu yanayonunuliwa tu. Ni kipenyo cha bomba la kuipeleka, nguvu ya pampu, matangi, ukubwa wa mtambo wa kuichemsha, na mtambo wa kuondoa chumvi endapo maji ya ardhini yataanza kuja nayo. Vyote hivyo vinaamuliwa wakati wa usanifu, kabla tone la kwanza halijapita, na vikishajengwa havirudishwi dukani.

Je, nyuzi 5 ni nyingi mno? Huenda ni sahihi kabisa kwa miaka ya mwanzo, wakati hakuna anayejua visima vitatoa maji kiasi gani. Mimi ningeunga mkono tahadhari kubwa mwanzoni. Ninachosema ni kwamba lazima awepo Mtanzania anayeweza kuuliza swali hilo na kulielewa jibu. PURA, mamlaka ya udhibiti wa mkondo wa juu wa petroli iliyoundwa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, ina wajibu wa kukagua gharama za mkondo huo, yaani za kutafuta na kuzalisha gesi. Mkaguzi mwenye risiti ataona kuwa glaikoli ilinunuliwa kwa bei ya soko na kuweka alama ya vema. Kujua kama kiasi hicho kilihitajika, hapo risiti haimsaidii. Anahitaji mstari wa buluu, vipimo vya joto na presha vya bomba, kiasi halisi cha maji, na uzoefu wa kujua nyuzi ngapi za tahadhari ni busara na ngapi ni woga. Hapo ndipo programu ya kijana wa Arusha inapopata kazi yake halisi, na ni kazi yenye heshima kuliko ile aliyoahidi.

Wapo pia wanaosema dawa mpya zitatuondolea mzigo huu, zile zinazotumika kwa asilimia 1 au 2 tu. Zipo kweli, za aina mbili. Moja huchelewesha kuganda, lakini nguvu yake huishia karibu na nyuzi 10 chini ya mstari, nasi tumeona tunahitaji zaidi ya 15, na bomba likizimwa kwa siku kadhaa ucheleweshaji hautoshi. Nyingine huziacha haidreti zitokee ila huzizuia zisishikane, na hiyo kwa kawaida hutegemea mafuta ya kimiminika ya kuzibeba kama uji mwepesi. Gesi kavu kama ya kwetu haina mafuta hayo ya kutosha. Kwa hiyo kwa bomba refu la kuja nchi kavu, glaikoli itabaki kuwa nasi. Majirani zetu wa Msumbiji wamepita njia nyingine kwenye gesi ya Coral, kwa kuweka mtambo wa LNG unaoelea juu ya visima, kina cha takriban mita 2,000, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba 2022. Safari fupi ya bomba, haidreti chache za kuhofia. Sisi tumechagua mtambo wa nchi kavu kwa sababu za ajira na uchumi ambazo naziona ni nzuri, na bomba refu ni sehemu ya bei ya uchaguzi huo.

Makubaliano ya awali ya mradi yalisainiwa Dodoma Juni 2022, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji bado unasubiriwa. Wengi wanaona kuchelewa huku ni hasara tupu. Kwa jambo hili dogo ninalolizungumzia, naona ni muda ambao bado tunao mkononi. Vipimo vya bomba, kila kipima joto na kila kipima presha, vinaweza kuandikwa kwenye mkataba kuwa vinafika upande wa Tanzania saa ileile vinapofika kwa mwendeshaji, tangu siku ya kwanza bomba linapowashwa, kwa sababu siku za kuwasha na kuzima ndizo zenye mafunzo, na kumbukumbu za vizibo vya mabomba ya wengine hazichapishwi kwa wingi. Kifungu kama hicho ni rahisi kukiomba kabla ya saini. Baada ya saini kinakuwa hisani. Na maabara ya haidreti si lazima ianzie Mtwara wala Dar es Salaam. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ina wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa sayansi ya vifaa na ya kompyuta, na Chuo cha Ufundi Arusha kinatoa mafundi wanaoweza kuchonga na kuchomelea chombo cha presha kikasimama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma wanafundisha mambo ya petroli. Wakikutanishwa, kazi ya kwanza ya maana inaweza kufanyika kwa gharama ya friji na mirija, na ya pili kwa gharama ya chombo kimoja cha chuma chenye dirisha.

Baada ya mkutano ule nilimfuata kijana nje, nikampongeza, kisha nikamweleza habari ya mirija 40. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo programu yangu inatakiwa kutoa jibu moja au kutoa uwezekano?" Hilo ndilo swali lililokuwa halijaulizwa ukumbini. Juzi ameniandikia kwamba friji ya mtumba ameshaipata na mirija anayo, mwalimu wake wa maabara amekubali kumsimamia kwa ajili ya ile dawa inayowaka. Kinachomsumbua sasa ni kidhibiti joto cha friji, kinayumba kwa nyuzi 2 kwenda juu na chini, na anatafuta fundi wa kukituliza kabla hajaanza kuhesabu.